Chupa Zisizofika kwa Mzee Fidel

Wahenga walisema mficha uchi hazai, wala hawakuona sababu ya kuremba maneno. Maana yao ni kwamba mtu mwenye shida akijifunika gubigubi kwa kuona haya, hata mkunga hodari hamfai kitu, na kile alichokitamani, kiwe mtoto, kiwe shamba, kiwe elimu, hatakipata. Wapo wanaoisikia methali hii wakacheka, wakaenda zao. Orlinda Archuleta hakuwahi kuisikia, maana kwao husemwa Kihispania, lakini aliiishi tangu Agosti hadi Machi, na mwalimu wake alikuwa chupa.

Orlinda alizaliwa Agua Zarca, kijiji cha nyumba arobaini kaskazini mwa New Mexico, ambako pilipili huanikwa ukutani kama shanga na maji ya mashamba hushuka kutoka mlimani kwa mfereji mmoja unaogawanywa kwa zamu. Babu yake, Casimiro, ndiye aliyekuwa mnyapara wa mfereji huo. Kabla ya Orlinda, hakuna mtu wa ukoo wao aliyevuka geti la chuo kikuu, isipokuwa mjomba mmoja aliyeitwa kuezeka paa.

Chuoni, mjini, palikuwa na mpango ulioitwa Daraja. Kila mwaka ulichukua vijana wanane: Wahispania wa vijijini, wenyeji wa asili wa nchi ile, Weusi, watoto wa wapishi na wa madereva wa malori. Uliwapa posho ili waache kazi za mikahawani, ukawafungulia maabara, ukawafunza kupima, kuandika na kusema mbele za watu. Nia ilikuwa moja. Wamalizapo shahada ya kwanza, wakubaliwe kusomea uzamivu katika utafiti wa tiba, mahali ambapo watu wa aina yao walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vikabaki.

Mkuu wa Daraja alikuwa Daktari Philomena Tso, mwanamke Mnavajo, mfupi, mwenye kicheko cha kusikika ghorofa mbili. Yeye alikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza ilihusu daftari la maabara: huandikwa kwa wino, halichanwi ukurasa, halifutwi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa ili lisomeke, unaweka tarehe na sahihi. "Daftari safi," alizoea kusema, "ni la mvivu au la mwongo."

Sheria ya pili ilikuwa ya Ijumaa. Saa sita mchana wote walikusanyika chumba cha mikutano, na katikati ya meza palikuwa na sinia la burito, chapati nyembamba zilizokunjiwa maharage na pilipili ya kijani, zilizopikwa na mke wa Mzee Fidel Baca, muosha vyombo wa maabara. Harufu yake ilimtoa nyoka pangoni. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kugusa mpaka aseme kitu alichokiharibu wiki ile.

"Haya, Delvin, umeharibu nini?"

Delvin Chee, kijana Mnavajo mwenye ulimi mwepesi, alisimama kama shahidi mahakamani. "Daktari, nilipika jeli ikawa uji. Nikapika tena ikawa jiwe. Ya tatu ipo kwenye friji, naogopa kuifungulia mlango."

"Kula, mwanangu. Umestahili. Orlinda?"

"Mimi Jumanne nilichelewa dakika tano."

Daktari Tso alimtazama juu ya miwani. "Hilo ni kosa, au ni kosa lililopakwa manukato?"

"Mpe nusu burito, Daktari," Delvin akadakia. "Kosa nusu, burito nusu!"

Wakacheka, na Orlinda akacheka nao, lakini kicheko chake kiliishia menoni. Mwaka wake wa kwanza, mwanafunzi mmoja wa nje ya Daraja alimwambia kwamba wao wameingizwa kwa huruma. Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hakuna jicho litakalomwona akikosea. Daftari lake lilikuwa safi kama shuka mpya. Namba zake za kweli aliziandika kwa penseli kwenye vikaratasi, akavificha ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda.

Na namba hizo zilikuwa za kulia. Mwaka huu wa mwisho alikuwa amepewa kazi yake mwenyewe: kupima jinsi aseniki, sumu inayotoka miambani na kuingia visimani, inavyodhuru seli za figo. Alikuwa na sababu. Bibi yake alikufa kwa figo, na kisima chao kilikuwa cha miambani. Utaratibu haukuwa mgumu. Unazilisha seli maji yao mekundu yenye virutubisho, nyingine unazitia sumu na nyingine huzitii, kisha unalinganisha. Tatizo ni kwamba seli za Orlinda zilikufa zote. Zilizotiwa sumu zilikufa, zisizotiwa zikafa. Alirudia mara sita. Mara sita alizika.

Sasa turudi kwa Mzee Fidel, maana hadithi imelala kwake. Alikuwa na umri wa Babu Casimiro, mwendo wake, hata kofia yake. Siku ya kwanza Orlinda alipomwona ameinama juu ya sinki akiosha chupa za vijana, moyo ulimuuma. Kwao Agua Zarca, msichana anayemwachia mzee vyombo vyake husemwa mpaka siku ya harusi yake. Kwa hiyo chupa zake, zile za kutilia maji mekundu, hakuzipeleka. Alifika saa moja asubuhi kabla mzee hajaja, akaziosha mwenyewe kwa sabuni ya kijani aliyoinunua dukani, akasugua mpaka povu likafika viwikoni, akazisuuza, akazichemsha kwenye mtungi wa mvuke kuua vijidudu. Zikang'aa kama macho ya mtoto.

"Binti," Mzee Fidel alimuuliza siku moja, "wewe unafanya kazi kweli? Tangu Agosti sijaona hata chupa yako moja."

"Kazi yangu ndogo tu, mzee," Orlinda akajibu, akapita upesi. Aliogopa kwamba akisema ukweli, mzee ataona ananyang'anywa kazi.

Oktoba ilipoanza, Daktari Tso alimwita ofisini. Mkutano wa wanafunzi watafiti ulikuwa katikati ya Novemba, na maombi ya uzamivu yalifungwa siku ya kwanza ya Desemba. "Barua yangu ya kukupendekeza itasimama juu ya kazi hii, binti yangu. Ijumaa ijayo niletee namba za bango utakalolionyesha mkutanoni. Najua unazo, daftari lako ni safi mno."

Orlinda alisema ndiyo. Jioni hiyo maabara ilipobaki tupu, alifungua daftari, akashika kalamu ya wino. Alijua namba zilivyopaswa kuwa. Seli zisizotiwa sumu zilipaswa kuishi, tisini na kitu kati ya mia. Nani angejua? Aliandika tarehe. Akaandika: 92. Akaitazama namba ile, nayo ikamtazama. Namba ya pili ikagoma kutoka. Akafunga daftari, akalitia mkobani, na asubuhi akapanda basi kwenda kwao kuvuna pilipili, akijua kwamba akirudi, ama ataandika zilizobaki, ama atasema kwaheri kwa uzamivu.

Jumamosi ile ilikuwa zamu ya maji ya Babu Casimiro. Walikuwa shambani, magunia yamejaa nusu, Orlinda alipoona matope mahali pasipopaswa kuwa na matope. Fuko alikuwa amechimba ukingo wa mfereji, na maji yalikuwa yakitorokea korongoni kwa kelele ya kunywa.

Orlinda akatazama huku na huku. "Babu, tuzibe wenyewe kimyakimya, kabla hawajaona. Wewe ni mnyapara!"

Tena wiki iliyopita mnyapara huyo alikuwa amemkaripia jirani yake, Bi Eufemia, mbele za watu kwa tundu kama hilo.

Mzee akamtazama mjukuu wake kana kwamba amesema Kichina. Akapanda ukingoni, akaweka viganja mdomoni, akapiga ukelele uliovuka mashamba matatu: "Jamaniii! Tundu! Tundu kwa Casimiro!"

Haikupita dakika kumi wakaja watu saba na mabeleshi. Mbele yao wote alikuwa Bi Eufemia, miaka sabini, buti hadi magotini, uso umechanua kama alizeti.

"Ee mnyapara! Wiki jana ulinihubiria nusu saa kwa tundu la ukubwa wa ngumi. Hili lako mbuzi anapita!"

"Ndiyo maana nimekuita wewe," akasema Casimiro. "Simama hapo katikati, maji yatasimama yenyewe."

"Msikieni! Anaomba msaada kwa matusi!"

Walicheka huku wanachimba udongo wa mfinyanzi. Mmoja akaleta magunia, mwingine mawe, Bi Eufemia mwenyewe akatoa godoro kuukuu la nyuma ya gari lake, akalikanyagia tunduni akilitaja jina la Casimiro kila akikanyaga. Nusu saa haikuisha, maji yakarudi njia yake. Wakala pamoja, wakamtania mpaka wakachoka, wakaenda.

Orlinda alikaa karibu na babu yake, akichezea beleshi. "Babu, hukuona haya?"

"Niliona. Masikio yangu bado ya moto." Mzee akajifuta matope kidevuni. "Lakini mjukuu wangu, haya haijawahi kuziba tundu. Ningeficha, mimi na wewe tungekuwa tunazoa matope mpaka saa hizi, na huko chini kwa Eufemia pilipili zingenyauka bila yeye kujua kwa nini."

Usiku ule usingizi ulimshika Orlinda vizuri kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

Ijumaa ikafika. Sinia la burito katikati ya meza, Mzee Fidel kwenye kiti chake cha dirishani, vijana wanane wakimezea mate. Orlinda aliingia na daftari mkono mmoja na kopo la biskuti mkono wa pili.

"Umetuletea biskuti?" Delvin akauliza kwa matumaini.

"Nimeleta kosa," Orlinda akasema, akafungua kopo, vikaratasi vikamwagika mezani.

Akasema yote. Seli zilizokufa mara sita. Penseli. Kitanda. Alisema huku anatazama meza, na kwa kuwa alishaanza, hakubakiza: akaeleza anavyofanya kazi hatua kwa hatua, tangu kuosha chupa saa moja asubuhi mpaka kuzika seli Ijumaa.

Mzee Fidel akaweka burito yake chini, na burito yenyewe alikuwa hajaiuma. "Subiri. Nani aliziosha?"

"Mimi, mzee."

"Kwa nini?"

"Kwa sabuni."

"Sikuuliza kwa kitu gani... haya, sabuni gani?"

"Ile ya kijani. Ya vyombo."

"Povu lilikuwepo?"

"Jingi sana, mzee. Nilizisugua vizuri."

Mzee Fidel akafumba macho kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Miaka ishirini na sita," akasema taratibu, "sijatia tone la sabuni ya dukani katika chupa zile. Mara kumi maji ya bomba, mara kumi maji yaliyokenekwa. Sabuni hung'ang'ania kioo, binti, huioni kwa macho, mtungi wa mvuke hauiondoi. Na ngozi ya seli ni mafuta matupu, sabuni huyayeyusha. Wewe umekuwa unawanywesha watoto wako maji ya kufulia!"

Delvin akasema kwa sauti ya kanisani, "Zimekufa, lakini zimekufa safi."

Kicheko kilichofuata kiliwaleta watu wa ghorofa ya juu kuuliza kuna nini. Orlinda naye alicheka, akalia, akacheka tena, pua ikamtiririka.

"Lakini kwa nini hukuniletea mimi?" Mzee Fidel hakuwa amecheka.

"Niliona haya, mzee. Una umri wa babu yangu. Ningekuachiaje uoshe vyombo vyangu?"

Mzee akavuta kiti karibu. "Nakuelewa, maana hata mimi nimelelewa huko huko. Lakini hii ni kazi yangu, tena ninaijua kuliko madaktari wote wa jengo hili. Ulidhani unaniheshimu, kumbe heshima yenyewe ndiyo uliyoninyima. Jumatatu nataka chupa zako. Zote."

"Sawa, babu," akasema Orlinda, na neno babu lilimtoka lenyewe.

Daktari Tso alikuwa ameanza kunyoosha mkono kumpa burito nzima. Orlinda akatikisa kichwa. "Bado, Daktari. Kuna lingine." Akafungua daftari safi, akaonyesha namba iliyokaa peke yake katikati ya ukurasa mweupe. "Hii tisini na mbili sikuipima. Niliitunga."

Hapo hakuna aliyecheka. Hata Delvin aliangalia viatu vyake. Daktari Tso alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ningeikuta mwenyewe," akasema, "ningekutoa Daraja kwa mkono wangu huu, na nisingegeuka nyuma. Umeileta wewe. Chukua kalamu."

Orlinda akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya 92, namba ikisomeka bado, akaandika kando: *haikupimwa*. Akaweka tarehe na sahihi.

"Sasa kula. Na hivyo vikaratasi usivitupe. Unajua umepima nini wiki zote hizo? Umepima sabuni inavyoua seli za figo. Vibandike daftarini."

Chupa zilizotoka mikononi mwa Mzee Fidel hazikung'aa kuliko zile za Orlinda. Lakini siku ya nane, alipoweka jicho kwenye hadubini, seli zisizotiwa sumu zilikuwa zimetapakaa kama watu sokoni, na zilizotiwa aseniki zikipungua hatua kwa hatua, kadiri sumu ilivyozidi. Alipiga yowe. Mzee Fidel akaja mbio na mikono inadondosha maji, akachungulia, akasema, "Hao ndio watoto. Nimewaosha kwa mkono wangu."

Walifanya kazi hata Jumapili. Alirudia mara tatu, namba zikakubaliana. Katikati ya Novemba bango likasimama, na pembeni, chini, Orlinda akachora kisanduku kidogo cha maelezo ya sabuni: kiasi gani kinaua, kwa muda gani. Ajabu ni kwamba nusu ya waliopita walisimama hapo. Wawili walinakili na kuondoka haraka, mmoja akinong'ona kwamba sasa ndiyo anaelewa mwaka wake wote uliopita. Barua ya Daktari Tso iliondoka siku mbili kabla ya kufungwa kwa maombi.

Februari aliitwa kusailiwa na chuo kikubwa cha mashariki, kwenye theluji hadi magotini. Profesa Haverkamp, mama mwembamba asiyetabasamu, alimsikiliza juu ya aseniki bila kupepesa, kisha akauliza swali moja: "Ulikosea wapi?"

Orlinda akatoa daftari mkobani, akaliweka mezani, akasimulia habari ya sabuni. Profesa alicheka kidogo, puani. Kisha akafunua kurasa, kidole kikasimama. "Na hii tisini na mbili iliyokatwa?"

Safari yote ya Orlinda kutoka Agua Zarca ilikuwa imesimama juu ya kidole kile. Angeweza kusema kwamba kalamu iliteleza.

"Niliitunga, Profesa. Wiki ile niliogopa. Nilipopata akili nikaikata na kumwonyesha mwalimu wangu."

"Kwa nini hukuchana ukurasa? Nisingejua."

"Kwetu Daraja hatuchani ukurasa."

Profesa akalifunga daftari, akamrudishia kwa mikono miwili. "Mimi nilipokuwa na umri wako," akasema, "ningeuchana." Orlinda alirudi nyumbani bila kujua kama amejikomboa au amejizika.

Machi, Jumamosi ya kusafisha mfereji, kila nyumba Agua Zarca hutoa mtu na beleshi kabla maji ya mlimani hayajafunguliwa. Mwaka ule walikuja na wageni: Daktari Tso mwenye buti za kuazima, Delvin aliyelalamika malengelenge kabla ya kuanza kuchimba, na Mzee Fidel na mkewe na sufuria mbili. Saa tano asubuhi simu ya Orlinda ikalia mfukoni. Alisikiliza, mguu mmoja ndani ya matope. Alisema asante mara nne. Akakata.

"Nani huyo?" Babu Casimiro akauliza.

"Profesa. Babu, wamenichukua. Ada wanalipa wao, na posho juu. Anasema wameniweka wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu ya ukurasa ule."

Mzee hakumkumbatia kwanza. Alipanda ukingoni, akaweka viganja mdomoni: "Jamaniii! Daktari! Daktari kwa Casimiro!"

"Bado miaka mitano, mzee!" Bi Eufemia akamjibu kutoka chini ya mfereji.

"Najua! Naanza kuita mapema, maana nyinyi ni viziwi!"

Mabeleshi yakapigwa mawe kama ngoma, Delvin akacheza matopeni hadi akaanguka, na kicheko cha Daktari Tso kikasikika mpaka mlimani. Baada ya chakula, Mzee Fidel alikunja mikono ya shati, akaelekea kwenye karai la vyombo. Orlinda akainuka, akasita, kisha akaketi tena. Alichukua tu chupa ya sabuni ya kijani, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Leo ruksa, babu."

Mzee akaimimina bila huruma, povu likapanda hadi viwikoni, watoto wakalipulizia hewani. Naye Orlinda, aliyejifunika miezi miwili akazika seli zake peke yake, kisha akajifunua Ijumaa moja, alikaa pale katikati ya watu wake akiwa amezaa alichokitamani. Kwani waliosema mficha uchi hazai hawakukosea.